Ulinganisho: Maua Yasiyostahimili Baridi, Tuyaingize Ndani au Tuyalaze?

Mwana wa Shela (Lamu)
Asalaam aleikum nyote. Binti yangu anaishi London, na kwenye roshani yake ana mwasumini, bogenvilia na waridi la jangwani, vyote vikiwa vyunguni. Sasa Oktoba imefika naye ameshauriwa mambo matatu yasiyopatana: aviingize chumbani penye kipasha joto, avilaze, yaani aviache vipumzike, mahali pa baridi pasipofikiwa na jalidi (baridi ya kugandisha), au akate vipandikizi na kuiacha mimea mikubwa ife. Mimi niliyezoea kusi la chumvi na mvua sina la kumjibu. Ipi ni njia bora?

Mtunza Bustani (Malindi)
Wa aleikum salaam, Bi. Shela. Njia haiwezi kuwa moja, kwa sababu kila mmea hupumzika kwa namna yake. Waridi la jangwani limezoea kiangazi. Hupukutisha majani na kuishi kwa maji yaliyohifadhiwa ndani ya shina lake nene, kwa hiyo likiwekwa pakavu, joto lisishuke chini ya nyuzi 10 hivi, linaweza kukaa bila kunyweshwa mpaka machipukizi yaanze kuonekana. Bogenvilia ni ngumu zaidi, nayo huvumilia hata nyuzi 5 ikiwa udongo ni mkavu. Itabaki vijiti vitupu na binti atadhani imekufa. Basi akwaruze gome kwa ukucha, na akiona ubichi wa kijani ajue ingali hai. Hiyo miwili ilazwe.

Mwasumini ndio wenye deko. Hauna usingizi wa kweli, unataka mwanga na joto la nyuzi 10 kwenda juu, na ukifungiwa gizani hudhoofika. Huo uingizwe ndani, ukae penye dirisha linaloelekea kusini.

Mlamu wa London
Nakubaliana na Mtunza Bustani, ila nitahadharishe kuhusu kipasha joto. Mwishoni mwa Desemba urefu wa mchana wa hapa haufiki muda wa saa nane, ilhali huko nyumbani ni kama muda wa saa kumi na mbili mwaka mzima. Mmea unaopewa joto jingi penye mwanga haba hutoa machipukizi marefu, membamba na yaliyopauka, na hewa kavu ya chumba huvutia utitiri mwekundu, ambao hutanda utando mwembamba upande wa chini wa majani. Mwanga ukipungua, joto na maji vipunguzwe pia. Chumba kisichopashwa sana ni bora kuliko sebule, na chungu kinyweshwe pale tu unapokiinua ukakihisi chepesi. Mimea mingi hapa haiuawi na baridi peke yake, bali na mizizi iliyolowa wakati wa baridi.

Mzaliwa wa Malindi (Limuru)
Huku, zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, hatari huwa ya usiku mmoja mmoja. Msimu wa jalidi, usiku ukiwa mtulivu na mbingu haina wingu, hewa baridi huteremka na kutuama mabondeni; barafu hujiunda kati ya seli za majani na kuzinyonya maji mpaka zikafa, na kufikia mchana majani huwa meusi kana kwamba yamemwagiwa maji ya moto. Kuingiza vyungu ndani kwa msimu mzima ni kujichosha. Gunia la kufunikia mimea usiku, liondolewe jua likichomoza, latosha.

Mzee wa Langoni (Lamu)
Mwanangu wa Shela, hata sisi tuna masika yetu. Mvua ya Mei ikishinda juu ya waridi la jangwani, shina huoza kuanzia chini, na ukilibonyeza kwa kidole hubonyea. Kusi nalo hurusha chumvi ikaunguza ncha za majani ya mwasumini ulioko darini, juu ya paa la nyumba. Mimi huuteremsha kiwandani, yaani ua wa ndani ya nyumba, ambako kuta za mawe huukinga na upepo, ingawa jua la kiwandani ni la saa chache na maua ya kutungia vikuba (vishada vya kunukia wanavyovaa wanawake) hupungua. Bogenvilia huiacha juu, kwani chumvi haiisumbui sana. Waridi la jangwani hukaa chini ya paa la daka, baraza ya mlangoni.

Mwana wa Shela (Lamu)
Ahsanteni, wazee wangu. Na vipandikizi je?

Mtunza Bustani (Malindi)
Hivyo ni akiba tu, na Oktoba kwa London amechelewa, kwani vipandikizi vya mwasumini na bogenvilia hutaka udongo wenye joto ili vitoe mizizi. Waridi la jangwani lililotokana na kipandikizi, zaidi ya hayo, kwa kawaida halijengi shina nene kama lililotokana na mbegu. Aiache mimea mikubwa iishi. Kabla ya kuiingiza aikague chini ya majani, maana wadudu wachache wa nje huzaana upesi ndani ya nyumba, na bogenvilia asiipogoe mpaka mwisho wa Februari, kwa kuwa huchanua kwenye matawi mapya. Nje visirudishwe kabla ya mwisho wa Mei.