Roboti ya Sam katika The Last of Us: kwa nini Ellie aliendelea kuibeba?

Swali, kutoka Mbeya

Habari zenu wanajukwaa. Mimi na mdogo wangu tunacheza The Last of Us, lile gemu la mwaka 2013 ambamo Joel anamsafirisha msichana Ellie katika dunia iliyoharibiwa na maambukizi, katika banda moja hapa Mwanjelwa, na tumefika sura ya bwawa la Tommy, ndugu yake Joel. Njiani tulipita kaburi dogo lililowekewa dubu wa kuchezea. Mdogo wangu anashikilia kwamba Ellie bado anayo roboti ya kuchezea aliyompa Sam, yule mvulana aliyekufa. Je, gemu lenyewe linasema hivyo? Na kama ndivyo, kwa nini mtu anayehesabu hata risasi abebe kitu kisichomsaidia?

Jibu, kutoka Iringa

Mdogo wako yuko sahihi, kaka. Ukisimama pale kaburini, alama ya kitufe cha pembetatu hutokea. Ukikibonyeza, Ellie anamwambia Joel kwamba alisahau kuiacha roboti kwenye kaburi la Sam, na anamwuliza aifanyie nini. Joel anamkatisha.

Kuhusu swali la pili, kumbuka lile duka la wanasesere katika mji wa Pittsburgh. Henry, kaka yake Sam, alimkataza kuichukua roboti hiyo kwa sababu wao hubeba vitu vya lazima tu, na sisi wachezaji tumeishi kwa kanuni hiyohiyo tangu mwanzo: tunapekua droo tukitafuta mikasi, vitambaa, pombe na risasi, na kila tunachookota kina kazi yake. Roboti haina kazi. Haiongezi afya wala haiwi silaha. Ellie aliichukua kwa siri, akampa Sam usiku, na kulipokucha Sam alikuwa ameshageuka kuwa mmoja wa walioambukizwa. Kwa maoni yangu, hapo Naughty Dog, watengenezaji wa gemu, walifanya jambo zito, kwani walitufundisha kuthamini vitu kwa matumizi yake, kisha wakatupa kimoja ambacho thamani yake yote ni kwamba kilitamaniwa na mtoto.

Jibu, kutoka Njombe

Nakubaliana na dada wa Iringa, ila tusimsahau Joel. Mkononi anavaa saa aliyopewa na binti yake Sarah siku ya kuzaliwa kwa Joel, usiku uleule binti huyo alipouawa. Miaka 20 baadaye bado anaivaa ingawa ni mbovu, na Ellie aliwahi kumwambia kwamba imevunjika. Kwa hiyo anamnyamazisha Ellie kwa sababu anaelewa mno. Kwetu, msiba ukimalizika ndugu hukaa kikao na kugawiwa nguo za marehemu, na aliyepewa koti la babu hulivaa hata likimpwaya, wala hakuna anayemwuliza faida yake. Ellie hakuwa na kikao cha namna hiyo. Alikuwa na Joel peke yake, naye hakutaka kuzungumza.

Muulizaji

Nawashukuru sana. Sisi tulipita bila kusimama. Je, mazungumzo hayo yamekwisha kutupotea?

Jibu, kutoka Iringa

Hapana. Rudi kwenye menyu kuu, chagua sura ya bwawa la Tommy na uianze upya. Kaburi liko mapema, kabla hamjafika bwawani. Tembea taratibu na umsubiri Ellie asogee.