Mgeni na shamba la Pemba: tumzuie kwa paspoti au kwa udongo?

Assalaam alaykum wenzangu. Juzi barazani hapa Wete mzee mmoja alitufunga mdomo: "Mgeni hamiliki ardhi Zanzibar, sheria ishasema. Mnapigia kelele nini?" Pale sikumjibu, maana kwa maandishi kasema kweli. Baada ya Mapinduzi ya 1964 ardhi yote ilifanywa ya umma, na sheria ya ardhi ya 1992 ikampa haki ya matumizi Mzanzibari peke yake. Mgeni hukodishwa tu.

Lakini kukodishwa huko kunaweza kufika miaka 99. Hebu pigeni hesabu. Angekuwapo aliyesaini mkataba kama huo mwaka wa Mapinduzi, angekuwa nalo shamba mpaka 2063. Waliopewa eka tatu tatu na serikali baada ya Mapinduzi, wengi wao tumeshawazika, na wajukuu zao leo wana watoto skuli. Kwa anayelima, tofauti ya kodi ya namna hiyo na kumiliki ni ipi?

Nna sababu ya kuliuma hili. Ami yangu alirithi eka ya baba yake, mikarafuu na minazi michache, na chini ya miti muhogo wa kula nyumbani. Akaja kijana wa mjini, Mzanzibari mwenzetu, na kopo la rangi nyeupe. Akapita mti kwa mti akitia alama: mkarafuu unaozaa bei yake, uliozeeka bei yake, mnazi bei yake. Ami akalipwa miti, kwa hoja kwamba ardhi si yake, ni ya serikali. Ule udongo wenyewe, ambao mvua ya masika haijawahi kuushinda, haukuandikwa popote kwenye karatasi. Jina la kwenye mkataba ni la yule kijana. Tulipokwenda kuulizia njia ya kupita, tukakuta anayelipa walinzi ni mtu mwengine kabisa, wa nchi nyengine.

Ndiyo maana naona tunakosea tunapolifanya suala hili la paspoti. Ukizuia kwa paspoti, utamzuia binamu yangu aliyeko Muscat, aliyezaliwa na mama wa Mtambwe, anayetuma pesa kila msimu ili karafuu zisianguke bila ya kuchumwa. Yule mwenye kopo la rangi atapita mlango wa mbele, kwa sababu kitambulisho chake ni safi. (Na nawaomba, msinigeuzie hoja iwe ya Bara na Visiwani. Hiyo ina siku yake.)

Mimi nasema tuzuie kwa udongo. Ardhi ya maweni tuijadili, hoteli zimo huko na ajira zimo. Ila mabonde ya mpunga na ardhi ya kina kirefu inayobeba mikarafuu, hizo zisikodishwe kwa mtaji wa nje hata kwa mkataba mfupi, iwe kwa jina lake au kwa jina la kuazima. Na ikithibitika mwenyeji ameazima jina, haki ya matumizi irudi kwa aliyekuwa akilima. Visiwa vyetu havifiki kilomita za mraba 2,700. Sensa ya 2012 ilituhesabu watu 1,303,569, ya 2022 ikatuhesabu 1,889,773. Mchele tunaokula sana ni mapembe, na unakuja kwa meli. Sasa hata lile bonde dogo tulilobakia nalo tulikodishe?

Najua jawabu la wengi: vijana hawataki jembe, eka zimelala msitu, mgeni ana pampu, ana mashine, ana soko. Hoja hii naiheshimu, nimeyaona mashamba hayo yaliyoota magugu. Lakini mwenye soko si lazima ashike shamba. Anunue mazao, akopeshe pampu, aandikiane na wakulima mkataba wa msimu kwa msimu. Asipolipa, msimu ujao hatumuuzii. Akishakaa na karatasi ya miaka 99, ami yangu atamfanya nini?

Na wale wanaosema wauzaji ni sisi wenyewe, wamesema kweli na inauma. Ami hakushikiwa panga. Alikuwa na mgonjwa hospitali na alihitaji pesa wiki ile ile. Mtu wa hali hiyo hakuuza kwa tamaa, na sheria inayomtazama yeye tu bila ya kumtazama mnunuzi haitamsaidia.

Nataka kusikia kwenu. Nyinyi wa Micheweni, Mkoani, Makunduchi, Cheju: kabla shamba halijakodishwa, sheha huwaita wanakijiji wakakaa na kuulizwa, au mnaamka tu asubuhi mnakuta vigingi vya mpaka vishapigwa?