Jaribio la arifa ya kumbukumbu kujaa (Java): kwenye kompyuta linapita, kwenye seva linaanguka mara moja moja

mwana_seva

Wakuu, naomba msaada. Huduma yetu ya Java 17 inatunza matokeo kwenye akiba. Kumbukumbu ikikaribia kujaa, msikilizaji aliyesajiliwa kwenye MemoryMXBean (kiolesura cha Java cha kufuatilia kumbukumbu) hupata arifa na kumwaga nusu ya akiba hiyo.

Jaribio lake linatafuta eneo la kumbukumbu liitwalo "G1 Old Gen", linaliwekea kizingiti cha asilimia 60 kwa `setUsageThreshold`, linajaza orodha kwa safu 100 za KB 900, linaita `System.gc()` (kuomba GC, yaani uzoaji wa vitu visivyotumika tena), linalala sekunde 2, kisha linadai arifa iwe imefika mara 1 kamili. JVM (mashine pepe inayoendesha Java) inapewa `-Xmx128m`, yaani hipu (kumbukumbu ya vitu vya programu) isiyozidi MB 128.

Kwenye seva za majaribio linaanguka kwa sura tatu: mara NullPointerException (kosa la kutumia kitu kisichokuwepo) pale linapotafuta eneo, mara arifa 0, mara arifa 2. Kuongeza usingizi hadi sekunde 10 hakukusaidia. Nianzie wapi?

fundi_baiti

Mkuu, hizo ni hitilafu tatu tofauti, ndiyo maana dawa moja haiziponyi.

NullPointerException inatokana na jina. JVM ikiona CPU pungufu ya 2, au kumbukumbu pungufu ya takriban MB 1792, haichagui mzoaji taka G1 bali Serial, na kwenye Serial eneo hilo linaitwa "Tenured Gen". Huenda baadhi ya kontena zenu zimepewa CPU 1. Weka `-XX:+UseG1GC` waziwazi kwenye amri ya jaribio, na usitafute kwa jina hata hivyo. Chukua eneo la aina ya HEAP ambalo `isUsageThresholdSupported()` inarudisha true. Eden na Survivor (maeneo ya vitu vipya) hazikubali kizingiti hicho, kwa hiyo linalobaki ni la vitu vikongwe.

Arifa 2: kizingiti cha `setUsageThreshold` kinahesabu taka pamoja na vitu vilivyo hai. Majaribio yaliyotangulia ndani ya JVM hiyohiyo yameacha taka. Unapojaza orodha, taka na safu zako kwa pamoja zinavuka kizingiti, arifa ya kwanza inatoka. GC inapita, taka zinaondoka, matumizi yanashuka chini ya kizingiti. Unaendelea kujaza, unavuka tena. JVM imefanya kazi yake sawasawa. Dai la "mara 1 kamili" ndilo lenye kosa.

Hamia `setCollectionUsageThreshold`. Hiki hupimwa baada ya GC kumaliza, kwa hiyo taka haziingii kwenye hesabu:

```java
System.gc();
long msingi = eneo.getCollectionUsage().getUsed();
mtoaji.addNotificationListener(msikilizaji, kichujio, null);
eneo.setCollectionUsageThreshold(msingi + 10L * 1024 * 1024);
try {
    for (int i = 0; i < 200; i++) shikilia.add(new byte[100 * 1024]);
    System.gc();
    assertTrue(lachi.await(30, TimeUnit.SECONDS));
} finally {
    eneo.setCollectionUsageThreshold(0);
    mtoaji.removeNotificationListener(msikilizaji);
    shikilia.clear();
}
```

`mtoaji` ni ile MemoryMXBean ikitumiwa kama NotificationEmitter, `shikilia` ni orodha yako, na `lachi` ni CountDownLatch ya 1 ambayo msikilizaji huishusha arifa ikifika. Sekunde 30 ni ukomo tu: arifa ikifika mapema, jaribio linaendelea papo hapo. Safu 200 za KB 100 ni karibu MB 19.5, kizingiti kiko MB 10 juu ya msingi, kwa hiyo una nafasi ya kutosha pande zote mbili. Kichujio kikague aina ya arifa (`MEMORY_COLLECTION_THRESHOLD_EXCEEDED`) na jina la eneo, maana msikilizaji hupokea arifa za maeneo yote.

Angalia pia ukubwa wa safu. Kwa `-Xmx128m` G1 inagawa hipu vipande vya MB 1, na kitu kinachozidi nusu ya kipande kinapelekwa moja kwa moja kwenye eneo la vikongwe, kikijitwalia kipande kizima. KB 900 zinapenya. Mtu akija "kurahisisha" ziwe MB 1 kamili, kichwa cha safu cha baiti 16 kinaifanya kila moja ichukue vipande viwili; safu 100 zinataka vipande 200 wakati vipo 128. Hapo ni OutOfMemoryError.

kisima

Naongezea kwenye arifa 0, maana fundi hakuigusa.

Orodha yako ni ya ndani ya metodi? Kama haitumiki tena baada ya kitanzi, JIT (sehemu ya JVM inayogeuza msimbo kuwa wa mashine programu ikiendelea) ina haki ya kuiona imekufa hata kabla metodi haijaisha. `System.gc()` inazoa safu zote na kizingiti hakivukwi. Metodi ikiwa bado inatafsiriwa tu, orodha hubaki hai; ikishageuzwa msimbo wa mashine na JIT, orodha inaweza kuzolewa. Ndiyo sababu ya "mara moja moja". Weka `shikilia` iwe static, au ita `Reference.reachabilityFence(shikilia)` baada ya `await`, ili isizolewe kabla ya hapo. Kwenye msimbo wa fundi ile `shikilia.clear()` ya mwisho inasaidia, ila msomaji ajaye anaweza kuifuta bila kujua kazi yake. Andika reachabilityFence, nia ionekane.

Sababu nyingine: `-XX:+DisableExplicitGC` (hupuuza `System.gc()`) au `-XX:+ExplicitGCInvokesConcurrent` (huifanya iende sambamba na programu) vimeingizwa kupitia mazingira ya seva. Tafuta mstari wa "Picked up JAVA_TOOL_OPTIONS" mwanzoni mwa logi.

mwana_seva

Orodha ni ya ndani kweli. Swali: badala ya lachi, naweza kusoma `getCollectionUsageThresholdCount()` mara tu baada ya `System.gc()`? Na assert nimeiweka ndani ya msikilizaji.

kisima

Hapana kwa yote mawili. Arifa na hesabu hiyo vinashughulikiwa na thredi (mkondo wa kazi) nyingine ya JVM baada ya GC, kwa hiyo ukisoma papo hapo unaweza kukuta thamani ya zamani. GC mbili zikifuatana haraka, JVM inaweza kutoa arifa moja tu yenye hesabu iliyoruka kwa 2. Dai "angalau 1". Assert ndani ya msikilizaji inaanguka kwenye thredi hiyohiyo, JUnit haiioni. Hifadhi arifa kwenye foleni, ikague kwenye thredi ya jaribio.

fundi_baiti

Vizingiti ni vya JVM nzima, kwa hiyo jaribio hili lisichangie JVM na mengine: `forkEvery = 1` kwenye Gradle, au `reuseForks` iwe false kwenye Surefire (ya Maven). Mantiki ya kumwaga akiba itoe kwenye msikilizaji iwe metodi inayopokea namba mbili, iliyotumika na ya juu kabisa. Ijaribu bila GC yoyote. Hapo jaribio moja tu ndilo linalohitaji JVM halisi.

Kabla ya kulirudisha, liendeshe mara 200 chini ya `taskset -c 0` (amri ya Linux inayobana programu kwenye CPU moja). JVM itaona CPU 1, utapima ushindani wa thredi, na ukiondoa `-XX:+UseG1GC` utapima na njia ya Serial.