Mjadala: Bendi ya roki kupiga bugobogobo, inaharibu ngoma au inaiendeleza?

Wadau wa Kanda ya Ziwa, hili jambo linanisumbua, tulijadili.

Kuna bendi ya vijana hapa Mwanza, haina meneja wala studio ya kuibeba, kila kitu wanajilipia. Wanachanganya gitaa la roki, besi ya muziki wa dansi na midundo ya bugobogobo, ile ngoma ya majembe ya Wasukuma. Mzee mmoja tunayemheshimu mtaani kasema vijana hawa wanaidhalilisha ngoma ya kulimia, na wengi wanamuunga mkono.

Kwenye kudhalilisha sikubaliani naye. Aliyewahi kwenda Bujora kwenye Bulabo, lile tamasha la ngoma za Wasukuma la mwezi Juni, anajua: Bagika na Bagalu, vyama viwili vya ngoma vyenye upinzani wa jadi, wanacheza kwa wakati mmoja, kila upande na duara lake, na mshindi ni aliyevuta watu wengi zaidi. Usipokuja na kipya, watu wanakuhama. Ndiyo maana wachezaji wakaleta chatu, wakaleta na fisi. Anayekataa gitaa atuambie chatu aliruhusiwaje. Na roki ya Kiafrika hapa nchini haikuanza jana, maana bendi ya Sunburst ya Dar es Salaam walishatoa albamu yao mwaka 1976.

Ila kuna mahali mzee ana haki. Bendi hiyo ilipopiga kwenye viwanja vya Furahisha hapa Mwanza nilisimama karibu kabisa na jukwaa. Mchana ngoma zilikuwa zimeanikwa juani, ngozi zimekaza, zinalia hasa. Giza lilipoingia unyevu wa ziwa ukazilegeza, na hakuna aliyefikiria kuwasha hata kijimoto cha kuzikausha. Maikrofoni zote zilikuwa kwa mwimbaji, gitaa na dramu. Wazee wawili wa ngoma walipiga mpaka mashati yakalowa, na sisi wa mbele tuliona mikono tu. Hapo ngoma si muziki tena, ni pambo la jukwaa. Halafu wimbo umewekwa mtandaoni, watunzi walioandikwa ni wanabendi peke yao!

Kwangu hili ndilo zito kuliko yote. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inazilinda sanaa za jadi, na anayezitumia kibiashara nje ya mazingira yake anatakiwa awe na kibali. Sawa, lakini kibali hakimlipi mzee aliyekaa mazoezini kutwa nzima akiwafundisha vijana mdundo unaingilia wapi. Huyo ni mtunzi mwenzao. Aandikwe jina, apate fungu sawa na mpiga gitaa, siyo nauli na soda.

Kwa hiyo mimi nasema wachanganye, tena wazidishe, lakini ngoma isikike na mwenye ngoma alipwe.

Mlio kwenye bendi na vikundi vya ngoma, kuanzia Magu mpaka Ukerewe, semeni wazi: hela ya shoo mnagawanaje, na makubaliano mnaandika au mnaahidiana kwa mdomo?