Mlima Meru: nipande Little Meru kwanza au nitunze miguu?

kiatu_kigumu: Wakuu habari za jioni. Mwezi wa nane tunapanda Meru mimi na washkaji wawili, siku tatu tunalala mbili. Jamaa anayetupangia safari anasema siku ya pili tukishafika Saddle, kambi ya juu tunapolala, tupumzike kidogo tule, alafu mchana huohuo tupande Little Meru, kile kilele kidogo cha jirani, usiku saa saba tuamke tuanze kwenda kilele kikubwa, Socialist Peak. Sasa si kujichosha bure huko? Mazoezi yangu ni kukimbia tu hapa Dar ambapo hata kilima cha maana hamna. Aliyepita anipe mwanga.

Mdau wa Usa River: Panda mkuu. Saddle ni mita 3,570, Little Meru 3,820, kama lisaa limoja hivi kupanda ukienda mdogo mdogo. Faida yake sio picha, ni kwamba mwili unaonja hewa nyepesi alafu unarudi kulala chini kidogo, usiku kichwa kinakuwa na adabu. We unatoka usawa wa bahari, siku ya pili tu unalala juu ya 3,500, unategemea mwili uzoee saa ngapi? Na maji unywe kweli, sio kulowesha midomo.

nyati_mpole: Hapo napingana kidogo, inategemea mmefika Saddle saa ngapi. Toka Miriakamba, kambi ya usiku wa kwanza (mita 2,514), ni zaidi ya mita elfu moja na sehemu kubwa ni ngazi, ngazi, ngazi mpaka unazichukia, kuna watu wanafika saa kumi jioni wako hoi, mtu wa hivyo ukimpeleka Little Meru unamuua. Tokeni mapema, mkiingia saa saba saa nane mchana sawa nendeni. Kichwa kikiwa kinagonga tayari au unatapika usipande tena, ikizidi shuka. Ila mi naona kinachomaliza watu ni hizo siku tatu zenu, Little Meru inasingiziwa tu. Unatoka kileleni mita 4,560 na ushee unashuka mpaka geti la Momella kwenye 1,500, siku hiyohiyo na usiku hujalala! Ongezeni siku, mkishuka mlale Miriakamba.

kiatu_kigumu: Duh, hiyo ya kushuka hakuna aliyenitajia. Na ule ukingo wanaosema unatisha?

Dada Majivu: Kaka ukingo unaanza ukishavuka Rhino Point, pale juu ya Saddle njiani kwenda kileleni, upande mmoja shimo la kreta, mwingine mteremko mkali, chini ni mawe na majivu ya volkano mguu unateleza. Usiku huoni kitu zaidi ya viatu vya aliye mbele yako, uoga unakuja asubuhi mkirudi ndo unaona ulipopita 😂. Na mkirudi kuna kupanda tena kufika Rhino Point, hapo ndo watu wananuna. Glavu nzuri na tochi ya kichwani usiazime mbovu. Kingine, askari wa hifadhi mwenye bunduki mnatembea naye kwa ajili ya nyati, ila muulize huyo jamaa kama kuna muongozaji wa pili, maana mmoja wenu akishindwa usiku lazima apate wa kumshusha.

kiatu_kigumu: Nimempigia, wa pili yupo. Siku ya nne anasema inaongeza ada za hifadhi na chakula, washkaji wanagoma. Nawatumia hii sredi wasome kwanza hapo pa kushuka.