Pseudohemiodon au Sturisoma: nichukue yupi?

Njoro_Samaki: Wadau, kuna muuzaji Nairobi anayeagiza kambare wa mkia mjeledi kutoka Peru. Ana Pseudohemiodon, yule bapa wa kujizika mchangani, na Sturisoma, mwembamba kama kijiti. Bei hazipishani sana. Anataka jibu kufikia Ijumaa.

OkokoMkuu: Tangi lita ngapi? Maji ya bomba au ya kisima? Swali lako ni nusu, mkubwa.

Njoro_Samaki: Lita 200, maji ya kisima.

MamaFulu: Na chini umeweka nini? Huyo bapa anataka sakafu pana na mchanga laini. Kina si hoja. Mimi ni wa Sturisoma. Dume ana ndevu mashavuni na hulinda mayai mwenyewe.

Bondeni58: Mayai? Dume wa Pseudohemiodon huyabeba mdomoni, yameshikana kwenye mdomo wa chini! Ila kuweni macho na wauzaji. Mimi niliuziwa mmoja hapa Nakuru nikaambiwa ni wa kusafisha kioo. Nikamwekea tango, hagusi. Spinachi, hagusi. Kumbe meno yake ni machache, hakuumbwa kukwangua mwani. Chakula chake ni vijidudu vya mchangani. Nikaanza kumpa minyoo, samaki wangu wa malaika (angelfish) wakawa wanaidaka kabla haijafika chini. Na mchana kutwa amejifukia, macho tu ndiyo yako nje, utajuaje kama amekonda? Kuja kumchota, tumbo limebonyea, mifupa mitupu. Nikamrudia muuzaji. Akaniuliza kama nataka mwingine.

OkokoMkuu: Pole sana. Lakini kwa Njoro, kwanza maji. Visima vingi vya Bonde la Ufa vina floridi na magadi, pH (kipimo cha uchachu wa maji) iko juu. Hawa wa Amazon wastarehe kwenye 6 hadi 7.5. Changanya na ya mvua.

Dunga_Boy: Peru ya nini na Ziwa Victoria liko hapa? Fuga fulu, wale samaki wadogo wa humo. Mbuta (sangara) aliyeletwa ziwani miaka ya 1950 amewamaliza wengi.

MamaFulu: Ndiyo maana atakayechoka na wa Peru asimtupe ziwani.

Dunga_Boy: Nani ametaja kutupa?

MamaFulu: Hakuna. Natangulia tu.

Njoro_Samaki: Maji ya mvua ninayo. Chini ni changarawe nyeupe. Sturisoma atakaa na malaika?

Bondeni58: Kumbe una malaika! Wangapi? Na stima ikipotea, pampu ina betri?