Mrejesho: msitu wa familia na makala (mkaa)

Wandugu, niliuliza kama kipande chetu cha msitu wa miombo, nje ya Lubumbashi, kinaweza kutulisha bila kukigeuza chote makala. Huu ni mwaka wa pili. Visiki hatukuving'oa, na nyasi tulizichoma mapema, mwezi wa sita, zikiwa bado na unyevu. Tungengoja mwezi wa kumi, moto ungeua machipukizi. Sasa yananifika kifuani! Mizinga ni minane, mitatu tu ndiyo iliyoingia nyuki. Aliyeniambia niipake nta ndani alijua kazi yake, mimi niliona kama ushirikina. Asali ya kwanza imelipa masomo ya mtoto mmoja. Mjomba bado anachoma makala upande wake, tumechoka kugombana. Viwavi wa kula, tunangoja mvua iwalete.